Nani Kasema Utulivu ni Uvivu?

Ndugu msomaji, nilichekwa. Naanza na hilo ili usije ukadhani naandika kwa sababu nina busara kuliko wewe. Nilichekwa mbele za watu, nikanyamaza, nikapanda gari kurudi kwetu Mwandoya na hasira, na hasira yenyewe imegoma kuisha.

Ilikuwa kwenye kikao cha vijana waandishi, mjini. Kila mmoja alipewa dakika kumi asome alichonacho. Wenzangu walisoma mambo mazito: mauaji, fumanizi, ajali ya basi, mheshimiwa anayekula hela za madawati. Zamu yangu ilipofika nikasoma sura ya kwanza ya riwaya yangu. Katika sura hiyo kijana amekaa ndani ya ghala la pamba, usiku, anasikiliza mvua juu ya bati. Mvua inanyesha. Inapungua. Inanyesha tena. Bati linavuja mahali pamoja na chini pamewekwa ndoo. Mwishoni kijana anagundua kwamba lile tone limebadilika mlio, kwa sababu ndoo iliyokuwa tupu imeanza kujaa. Basi. Sura imeisha.

"Tukio liko wapi?" akauliza mmoja.

"Na ujumbe je?" akadakia wa pili.

Wa tatu, ambaye anajua vizuri ninachosikilizaga kwenye simu, ndiye aliyemaliza kazi. "Huyu anaandika kama ule muziki wake wa ti-ti-ti," akasema. "Muziki wa kulalia. Mtu mvivu na muziki wake mvivu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana ukichekwa na watu thelathini utafanya nini?

Haya. Siku ile nilikuwa na dakika kumi. Leo nimepewa kurasa. Nataka kuutetea muziki huo, na nikiutetea huo nitakuwa naitetea na ile ndoo yangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne, sina cheti kingine. Nina kibanda cha kuchaji simu na kujaza nyimbo kwenye memori kadi, hapa Mwandoya, wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Wimbo mmoja shilingi mia. Kwa hiyo mtu asinifundishe vijana wanapenda nini. Vijana wanapenda nini ndiyo biashara yangu. Wanataka Bongo Fleva, wanataka nyimbo za Kisukuma za kinanda, wanataka singeli, na akina mama wanataka kwaya. Nawapa wote. Sina ugomvi na singeli hata kidogo. Ule mdundo wa vijana wa Manzese na Mburahati, unaopita mapigo 200 kwa dakika, ukipigwa harusini mimi nami naruka. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na dunia ikageuza shingo kuwatazama vijana wetu. Safi sana. Nawapigia makofi.

Lakini kushoto kwa kibanda changu kuna mashine ya kusaga. Kulia kuna duka lenye sabufa iliyowekwa mlangoni ikitazama barabara. Mbele yangu bodaboda wanapita na spika zao. Siku ya mnada usiseme: muuza dawa ya panya ana kipaza sauti, muuza mitumba ana kipaza sauti, mhubiri ana vipaza sauti viwili. Msimu wa pamba malori yanaunguruma mpaka usiku. Wanaodhani kijijini kuna kimya hawajakaa kijijini. Kimya chetu kilikwisha siku ile spika zilipokuwa rahisi kuliko mbuzi.

Muziki ninaoutetea niliupata kwenye flashi. Mshikaji mmoja aliyekuwa akisoma chuo Dodoma aliisahau kibandani, na mimi, kama ilivyo desturi ya wajaza nyimbo wote duniani, nikaikagua. Ndani kulikuwa na folda ya muziki usioimbwa. Nikacheza wa kwanza. Sekunde thelathini, hakuna kitu. Dakika moja, sauti moja laini inajirudia. Nikadhani faili limeharibika. Nikaacha iendelee kwa sababu nilikuwa nahudumia mteja. Nilipokuja kushtuka, mteja alikuwa ameondoka zamani, muziki unaendelea, na mimi nimesimama na waya wa chaji mkononi.

Hebu nieleze unavyofanya kazi, maana wengi wanaoucheka hawajawahi kuusikiliza zaidi ya dakika mbili. Chukua nota nne. Zipige kwa kinanda laini cha kompyuta, tena na tena. Sikio lako linasema: sawa, nimeelewa, nipe kingine. Muziki haukupi. Sikio linakasirika kidogo, linachoka, halafu linaketi chini. Likishaketi ndipo kazi inapoanza. Nota ya tatu inachelewa kidogo tu. Chini kunaingia sauti nzito, kama ng'ombe anayeguna ng'ambo ya boma. Kisha nota ya nne inaondolewa. Haikuongezwa kitu, imeondolewa! Nawe unaisikia kuliko ulivyoisikia ilipokuwepo. Nyumba iliyofiwa inamsikia marehemu namna hiyohiyo: kikombe chake kinabaki mezani, na kila mtu anajua ni cha nani.

Ndiyo siri yote. Muziki wa kelele unakupa mambo mengi ili usipate muda wa kuyatazama. Huu unakupa machache mpaka ujifunze kutazama. Sasa tuzichukue hoja za wapinzani wangu, moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: hauna maneno, kwa hiyo hauna ujumbe.

Jamani! Hii hoja tumelishwa toka darasa la kwanza. Kwaya ya shule ina ujumbe, ngonjera ina ujumbe, ngoma ya mapokezi ya mgeni rasmi ina ujumbe. Mpaka tukaamini kwamba sanaa isiyotuagiza cha kufanya haijakamilika. Sasa naomba mwulize mzazi au babu yako: redioni, kabla ya taarifa ya habari, alisikia nini? Atakuambia alisikia ngoma. Alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona aliyezipiga ngoma nyingi peke yake, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikazitumia ngoma zake kuashiria habari. Hapakuwa na neno hata moja. Mtu akizisikia anaacha jembe, anamwambia mtoto nyamaza, anasogea redioni. Nchi nzima ilikaa kimya kwa mdundo usio na maneno. Mnaniambia haukuwa na ujumbe? Ujumbe wake ulikuwa huu: sikilizeni. Na huo ndio ujumbe pekee wa muziki ninaoutetea. Sikiliza. Utasikia nini, hilo ni lako.

Hoja ya pili: ni muziki wa wazungu waliochoka.

Hapa ndipo wapinzani wangu wanapojiaibisha kabisa. Twende taratibu.

Mji wa Detroit, Marekani, ni mji wa viwanda vya magari. Miaka ya 1980 viwanda vingi vilikuwa vimeshafungwa au vinafungwa, kazi zinakwisha. Vijana watatu weusi waliosoma shule moja huko Belleville, nje kidogo ya Detroit, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, wakachukua vinanda na mashine za midundo wakaanzisha muziki wa kielektroniki unaoitwa tekno. Mwaka 1994 mtu mwingine wa Detroit, Robert Hood, mweusi pia, akatoa kazi aliyoiita Minimal Nation. Alipunguza kila kitu. Akabakiza mdundo, tuni fupi, na nafasi kati yake. Jina la mtindo wote wa kupunguza, minimali, haliwezi kutajwa bila kumtaja yeye. Mzungu aliyechoka yuko wapi hapo?

Au mchukueni Mmarekani mweupe kweli, Steve Reich, mmoja wa vigogo wa muziki wa marudio. Mwaka 1970 alifunga safari kwenda Ghana kujifunza ngoma za Waewe. Aliporudi akatunga kazi yake kubwa inayoitwa Drumming, akaimaliza mwaka 1971. Alikuja kwetu Afrika na daftari! Sisi tunauona mzigo ukirudi umefungwa kwenye karatasi ya ng'ambo tunasema: ah, hivi ni vya kwao.

Na tusiende mbali. Katika flashi ile, faili nililolirudia kuliko yote lilikuwa la mtu wa Nairobi. Anajiita KMRU, jina lake Joseph Kamaru, amezaliwa mwaka 1997. Babu yake, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa naye Joseph Kamaru, yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu. Babu aliimba kwa maneno mpaka maneno yake yakawakera wakubwa. Mjukuu hasemi neno. Anarekodi sauti za mahali, anazinyoosha, anazilaza juu ya kinanda mpaka hujui kama unasikia upepo au unasikia mtu anakumbuka kitu. Albamu yake ya Peel ilitoka mwaka 2020 kwa lebo ya Austria, na baadaye alihamia Berlin. Je, mjukuu amemsaliti babu? Mimi nasema amefanya lilelile: ameikataa sauti aliyoikuta, akatengeneza yake.

Nina ushahidi mwingine, na huu haumo katika flashi ya mtu yeyote. Jioni moja nilikuwa nacheza kazi ya Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha sanaa Bagamoyo, akafariki mwaka 2003. Ni ile albamu ya Assembly ya mwaka 2002, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook, ambamo ilimba, yaani vile vyuma vifupi vilivyopangwa juu ya kisanduku cha mbao, inazungukwa na gitaa na mitambo ya umeme. Mzee mmoja mfugaji, mteja wangu wa kuchaji simu, alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja.

"Ng'wanawane," akaniita, "huyo anayepiga ni nani?"

"Ni Mgogo mmoja, babu. Marehemu sasa."

"Na hiyo inayolia nyuma yake?"

"Mitambo, babu. Ya umeme."

Akanyamaza. Baadaye akasema baba yake alikuwa na ndono, ule upinde wenye kibuyu. Akichunga usiku aliupiga kwa kijiti, sauti mbili, wakati mwingine tatu, mpaka alfajiri. "Ng'ombe walikuwa wanakaa," akasema. "Na sisi watoto tulikuwa hatulali, tulikuwa tunangoja atakapobadilisha." Simu yake ilijaa chaji, nikamwambia, naye akaendelea kukaa.

Mnasikia hayo? *Hatulali, tunangoja atakapobadilisha.* Mzee ambaye hajawahi kusikia neno minimali ameueleza huo muziki kuliko mimi niliyetumia aya nzima. Sasa nani aje kuniambia kwamba mtoto wa Meatu amejipachika kitu cha kigeni? Tulikuwa nacho. Tulikipoteza kwa sababu tulidhani ni kitu cha wachunga ng'ombe.

Hoja ya tatu: unajirudiarudia, mtunzi wake ni mvivu.

Aliyesema hivi hajalima. Bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, inajirudia nini kama si jambo lilelile? Jembe juu, jembe chini. Wanakwenda pamoja mstari mzima, na ukikaa pembeni ukasikiliza utagundua hakuna duru mbili zilizo sawa: mmoja amechoka, mmoja ametupa jembe hewani na kulidaka, mwimbaji amevuta pumzi ndefu zaidi. Marudio hayakuwekwa kwa uvivu. Yamewekwa ili kazi iishe na mtu asife. Kupalilia pamba ni marudio. Kusuka mkeka ni marudio. Mama yangu kunilea kulikuwa marudio matupu, kila siku uji uleule, na bado naweza kuwaambia ni asubuhi ipi mkono wake ulitetemeka.

Kama kurudia ni uvivu, jaribuni wenyewe. Programu wanazotumia vijana wa singeli, kama FL Studio, ndizo zilezile zinazoweza kutengeneza huu. Fungua, weka nota nne, mfanye mtu akae nazo dakika nane bila kuzima. Utatokwa jasho. Kuongeza kitu ni rahisi, kila asiyejiamini anaongeza. Debe tupu haliachi kuvuma.

Hoja ya nne. Hii naiheshimu, na hii ndiyo inayoninyima usingizi.

Yule wa tatu katika kikao, baada ya kicheko, alinifuata nje. Alisema hivi, bila mzaha: "Kaka, sisi ni watoto wa maskini. Kwenu pamba inauzwa kwa bei wasiyoipanga wakulima. Vijana hawana kazi. Na wewe unatuletea mvua na ndoo? Utulivu ni wa walioshiba. Sisi tunahitaji kelele."

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, na namjibu kwa heshima kwa sababu alikuwa na uchungu wa kweli.

Ndugu yangu, kelele ni mali ya nani? Hebu hesabu. Ya kampuni inayouza vocha. Ya mgombea wakati wa kampeni. Ya mnada. Ya mwenye sabufa kubwa kuliko ya jirani. Sijawahi kuona kelele iliyo mali ya maskini. Maskini ni yule anayepigiwa. Nenda Masaki, Dar es Salaam, au Capri Point pale Mwanza, usimame barabarani usikilize. Kimya. Ukuta, miti, kimya. Wenye pesa walishajua siku nyingi kwamba kimya ni mali, wakakinunua pamoja na kiwanja. Sasa kijana wa Mwandoya anakipata kwenye memori kadi kwa shilingi mia, anaweka hedifoni yenye sikio moja zima, na nyinyi, watu wake mwenyewe, mnamwambia hiki si cha kwako, rudi kwenye makelele! Nani kawatuma?

Nikueleze na jambo nisilopenda kulieleza. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, mwaka 2022, nilipata daraja la nne. Nyumbani kwetu kulikuwa na kelele wiki nzima. Mjomba alipiga kelele kwa sababu ya ada aliyotoa. Baba alimpigia mjomba kelele kwa kunipigia kelele. Majirani walikuja kutoa pole kwa sauti za kusikika mpaka barabarani. Na kichwani mwangu kulikuwa na kelele kubwa kuliko zote hizo, ambayo sitaiandika hapa ilikuwa inasema nini. Usiku wa nne nilienda kulala kwenye ghala la pamba nililokuwa nalilinda kwa malipo kidogo. Nikaweka ule muziki wa mtu wa Nairobi. Sikusikia ujumbe wowote. Haukuniambia jipe moyo, haukuniambia Mungu yupo, haukuniambia tafuta hela. Wote walikuwa wameshaniambia hayo. Wenyewe ulikaa tu pale, kama mtu anayekuja msibani akaketi jamvini bila kusema neno, na huyo ndiye unayemkumbuka mwaka mzima.

Baada ya muda, sijui mrefu kiasi gani, nilianza kusikia bati. Mvua ilikuwa inanyesha kumbe, nami sikuwa nimeisikia. Kisha nikaisikia ndoo. Nikachukua kaunta buku nililokuwa nikiandikia hesabu za marobota, nikageuza nyuma, nikaandika sentensi ya kwanza maishani mwangu ambayo sikuagizwa na mwalimu.

Kwa hiyo mtu akiniambia utulivu ni uvivu, anazungumzia usiku ule bila kujua. Sikulala usiku ule. Niliamka.

Na hapa nageuka kuwapiga watu wa upande wangu pia, maana mjadala wa haki hauna upendeleo. Wapo wanaoupenda muziki huu kwa sababu mbovu. Wanakwambia: ni wa kupumzikia, weka ulale, weka usome, weka upunguze mawazo. Wameufanya vidonge. Kisa mwanzilishi mmoja wa mtindo huu aliuzaliwa kitandani! Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1975 Mwingereza Brian Eno aligongwa na gari. Akiwa amelala hajiwezi, rafiki yake akamletea sahani ya muziki wa kinubi, ikawekwa. Sauti ilikuwa chini mno, spika moja haifanyi kazi, nje mvua inanyesha, na yeye hana nguvu za kuinuka kuongeza. Akabaki hivyo, kinubi na mvua vimechanganyika. Hapo ndipo alipopata wazo lililomfikisha kwenye albamu yake ya muziki wa viwanja vya ndege, mwaka 1978.

Kisomeni vizuri kisa hicho. Mgonjwa yule hakulala! Angelala tusingepata kitu. Alibaki macho, hawezi kuinuka, na kwa kuwa hakuweza kuongeza sauti ilibidi aongeze sikio. Anayeutumia muziki huu kama dawa ya usingizi ni sawa na anayenunua kitabu ili aegemeze mlango. Kitabu kitafanya kazi hiyo, sikatai. Lakini si ndicho kilichoandikiwa.

Sasa nije kwetu sisi tunaoandika. Ndugu zangu waandishi chipukizi, tazameni miswada yetu. Ukurasa wa kwanza maiti, wa pili fumanizi, wa tatu maiti nyingine. Kwa nini? Tunaogopa. Tunaogopa msomaji atatukimbia, kwa hiyo tunampigia kelele ukurasa hadi ukurasa, kama yule muuza dawa ya panya. Mimi nimefanya hivyo pia. Riwaya yangu ya kwanza, iliyoliwa na mchwa kwa haki kabisa, ilikuwa na vifo kumi na moja na sikumlilia hata mmoja. Na msomaji akimaliza hatakumbuka maiti yupi alikuwa nani.

Muziki huu umenifundisha mambo matatu, nanyi mnaweza kuyakataa baada ya kuyajaribu. La kwanza, ukitaka kitu kisikike, kirudie mpaka msomaji akizoee, kisha kiondoe. La pili, usiongeze mhusika kabla hujamsikiliza uliye naye. La tatu, mwamini msomaji wako. Anaweza kukaa. Babu yake alikaa na ndono usiku kucha; itakuwa mjukuu ashindwe kukaa na kurasa tatu?

Sisemi wote tuandike mvua na ndoo. La hasha! Anayeandika ule wizi wa hela za madawati aendelee, tena kwa nguvu. Ila naye nampa changamoto. Kabla hujatuonyesha mheshimiwa akihesabu hela, tuonyeshe darasa. Watoto wameketi chini. Mwalimu anaandika. Chaki inalia ubaoni. Watoto wanasogea kidogo, vumbi linapanda. Wanasogea tena. Tuweke hapo dakika tano bila kutuambia tukasirike. Uone kama hatutakasirika sisi wenyewe, na kwa hasira itakayodumu kuliko ya kupigiwa tarumbeta.

Sitadanganya kwamba muziki huu utapandisha bei ya pamba. Hautapandisha. Wala singeli haipandishi, wala kwaya. Lakini mtu aliyejifunza kusikia tone moja likibadilika mlio ni vigumu kumdanganya. Atasikia mizani ikigonga vibaya. Atasikia mgombea akiruka swali. Atasikia mkewe aliposema "sina neno" kwa sauti isiyo ya jana. Ndiyo sababu sitaki vijana wa kwetu waunyimwe ujuzi huo kwa sababu ya kicheko cha ukumbini.

Kwetu Usukumani watu wakikutana wanasalimiana, na jibu ni *mhola*. Salama, amani, shwari. Asubuhi tunaulizana hilo, jioni tunaulizana hilo, hata kwa mtu tusiyemjua. Wazee wetu hawakuona aibu kuulizana habari za utulivu kila siku, mara nyingi, kwa maneno yaleyale. Hakuna aliyewaita wavivu, na walilima kuliko sisi.

Ile sura ya ndoo bado ipo. Sijaibadilisha, ila nimefuta maneno kumi na manne yaliyokuwa yanazidi. Kikao kijacho nitaisoma tena, tone kwa tone, na safari hii sitacheka nao.

Na yule ndugu wa tatu, kama unasoma hapa: pita Mwandoya siku yoyote isiyo ya mnada. Benchi lipo. Nitakujazia memori kadi yako bure. Kaa dakika nane tu, kisha tubishane.